Kwa Nini Niliitoa Inarudia

Kolwezi, katikati ya baridi

Yaya Mapendo,

Nakusalimu kwa mikono miwili, dada yangu mkubwa. Kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho tulipoongea ulikohoa hadi nikasahau nilichotaka kukuuliza, nawe ukasema ni moshi tu wa kukaushia migebuka. Moshi gani huo unaomfuata mtu hadi kitandani? Nenda ukaonwe na daktari, yaya, usingoje nije nikukokote. Na Tata je, baba yetu, miguu imempa nafuu? Bado anashuka mwenyewe ziwani asubuhi, au amekubali hatimaye kwamba watoto wamletee maji? Najua hajakubali.

Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku mwaka huu ina meno, na vumbi la malori ya madini limekuwa jekundu zaidi, au labda ni macho yangu yaliyochoka. Bado nafundisha kompyuta katika shule ya ufundi, na bado nimepanga kile chumba cha nyuma katika parseli, yaani kiwanja, ya Mama Odia, yule mama mwoka mikate niliyekueleza. Asubuhi naamka kwa harufu ya mkate. Hiyo ni raha moja ambayo sijanyang'anywa.

Nimeandika barua hii, na kumwomba dereva wa lori aipeleke hadi Kalemie, kwa sababu nimesikia kwamba binamu yetu Safi amefika huko na habari zangu. Amesema nimeuza kitu cha watu kwa Wazungu, na kwamba kijana mmoja amekufa kwa ajili yangu. Kwenye simu siwezi kukueleza, mtandao hukatika pale pale neno linapotaka kumaliziwa. Kaa chini, yaya, umsomee na Tata. Nitaeleza yote yalivyokuwa.

Unakumbuka nilikwambia habari za Kabeya, mwenzangu wa kazi. Ni mtoto wa hapa Kolwezi, lakini ukoo wake ni wa Kasai. Babu yake aliletwa na treni kuja kuchimba shaba. Yeye na mimi tulifundisha shule moja. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tumeketi kwenye duka la Mama Odia, na Mama Odia alikuwa analia juu ya unga ulioharibika. Alikuwa amekanda unga wote, ukaumuka vizuri, halafu umeme ukakatika na tanuri likapoa. Bwawa la Nzilo liko hapa karibu, yaya, maji yanazungusha mitambo usiku na mchana, lakini umeme huo una wenyewe. Migodi hushiba kwanza. Kartie zetu, yaani kata tunazokaa, hula mabaki.

Mama Odia akasema, "Kama ningejua paka kwamba kuran ilipotea ku kartie ya jirani, ningejua inakuja kupotea na kwangu. Ningengoja."

Kuran ndiyo umeme, na paka ni 'tu', huku tunasema hivyo. Maneno yale yalitukaa kichwani. Kabeya na mimi tukaandika programu ndogo. Umeme ukikatika kwako, unatuma ujumbe mfupi kwa simu, hata simu ya vitufe. Ukirudi, unatuma tena. Programu inakusanya jumbe zote na kuchora ramani: mtaa huu una umeme, ule hauna. Tuliipa jina *Inarudia*, yaani umeme umerudi, kwa sababu hilo ndilo neno watoto wa hapa hupiga kelele taa zikiwaka.

Hatukuificha. Maandishi yote ya programu tuliyaweka wazi kwenye intaneti, ili mtu yeyote ayasome, ayatumie, ayarekebishe. Wanaita programu huria. Ni kama wewe unavyomfundisha kila mwanamke anayekuja jinsi ya kukausha samaki bila kuungua. Hujawahi kumfukuza mtu ukisema moshi ni wako. Basi watu wakaja. Mwalimu mmoja wa Zambia akairekebisha kwa mji wao. Mwanamke mmoja wa Brazili anayeitwa Lusia akaiweka katika mji wake, ambako kuna wagonjwa wanaopumua kwa mashine. Hapa kwetu zahanati ya uzazi ikaanza kuitegemea, kwa ajili ya friji ya dawa na kile kisanduku cha kupashia joto watoto njiti. Nilikuwa na furaha, yaya. Nilitembea hapa Kolwezi kama mtu mwenye kwao.

Sasa sikia yaliyotokea.

Mama Odia alikuwa na mtoto wa kiume, Ilunga. Kijana mwenye mikono mikubwa na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Alikuwa anachimba madini upande wa mgodi wa Mashamba, pamoja na vijana wengine waliotoka pande zote za nchi, hadi walinzi walipowafukuza na kuzungushia mahali pale waya. Akakaa nyumbani, akimsaidia mama yake kubeba magunia ya unga, lakini unamjua kijana aliyezoea kupata chake: hawezi kukaa akila mkate wa mama. Kuna watu hapa wanaokata waya za umeme na kuuza shaba iliyomo ndani. Akaingia katika kundi hilo. Mama yake hakujua. Mimi sikujua. Alikuwa ananisalimia kila asubuhi, "Mwalimu, ulilala muzuri?" nami namjibu.

Waya wenye umeme unaua, hilo kila mtu anajua. Kwa hiyo watu wale walikuwa wanatafuta mtaa ambao umeme umekatika. Na wangejuaje? Walikuwa wanafungua simu na kutazama Inarudia.

Ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Ramani ilionyesha kwamba mtaa ule, nyuma ya reli, hauna umeme. Na ni kweli haukuwa nao. Ilunga akapanda juu ya nguzo. Umeme ukarudi yeye akiwa huko juu. Watu wa mtaa wakaamka, wakaona taa, wakatuma ujumbe, na ramani ikabadilika rangi. Lakini habari ya umeme haiwezi kuutangulia umeme, yaya. Wale waliotuma ujumbe walikuwa wanafurahi.

Walimleta kwenye parseli kwa mkokoteni wa kubebea makaa. Sitaandika zaidi juu ya hapo.

Kwenye kilio watu walikuwa wema kwa Mama Odia na wagumu kwangu. Nilipoketi, walisogea mbali. Baada ya mazishi mkubwa wa kartie akatuita. Alikuwepo pia mtu kutoka kampuni ya umeme, mwenye viatu safi. Mkubwa wa kartie akauliza, "Hii ramani iko ya nani?"

Kabeya alitazama chini. Nikasema, "Ni yetu."

Yule wa umeme akasema, "Basi muifunge. Inasaidia bezi ba waya."

Nikamwambia nikiifunga, zahanati itajuaje? Na ile miji mingine? Akaniambia hiyo si shida yake, shida yake ni waya. Nikitazama nyuma naona hakuwa na makosa yote, wala mimi sikuwa na haki yote. Tukaachana bila kuafikiana, naye akaahidi kurudi na barua ya polisi.

Wiki hiyo hiyo akaja mtu wa pili. Huyu ni mfanyabiashara wa jenereta na sola, ana gari kubwa na sauti ndogo. Alitaka kununua Inarudia yote, jina na ramani, ionekane tu kwa wateja wake wanaolipa. Alisema wezi hawatalipa, kwa hiyo hakuna atakayekufa tena. Nilimwambia hata zahanati haitaweza kulipa. Akatabasamu. "Zahanati watanunua jenereta," akasema.

Nilikaa na mawazo hayo, yaya, hadi malaria ikanipiga kitandani. Nilipokuwa nimelala na homa, Inarudia ilikwama, na hakuna aliyeweza kuigusa, kwa sababu funguo zote za siri nilikuwa nazo mimi na Kabeya, naye alikuwa amesafiri Kasaji kwa mjomba wake. Zahanati walinipigia simu, nikashindwa hata kuishika. Nilipoinuka nikajua jambo moja: kitu ambacho watu wengi wanakiegemea hakifai kuning'inia kwenye mkono wa mtu mmoja, ambaye polisi anaweza kumwita, au tajiri kumbembeleza, au mbu kumlaza.

Nikamwandikia Lusia. Yeye ndiye aliyenieleza habari za wakfu, fondasyo kwa Kifaransa. Kuna mashirika, yaya, hayatafuti faida, kazi yao ni kutunza programu huria za watu. Unawakabidhi jina, na mahali pake kwenye intaneti, na funguo. Kuanzia hapo programu si ya mtu yeyote. Inaongozwa na baraza la wale wanaoifanyia kazi, wanapiga kura, na hakuna anayeweza kuiuza wala kuifunga peke yake. Hulipwi chochote. Safi akisema niliuza, mwambie aulize niliuza kwa bei gani, maana mimi mwenyewe nimepekua mifuko yangu.

Lakini kulikuwa na masharti mawili yaliyoniumiza kichwa. La kwanza, wote walioiandika wakubali. La pili, tueleze wazi kama programu imewahi kuleta madhara kwa mtu.

Nilianza na Kabeya. Nilimkuta kwao, anarekebisha redio ya baba yake.

"Feza, mi sitasinye ile karatasi," akasema kabla sijamaliza. "Babu yangu balimuleta hapa na treni juu ya kuchimba shaba. Alichimba mpaka mapafu ikaisha. Unaona nini yake hapa? Kila kitu ya hii inchi inatoka, inaenda fasi ingine. Leo tuko na kitu moja yenye tulitengeneza na bichwa yetu, na we unataka kuitia tena mu treni?"

"Haiendi popote, Kabeya. Itabaki wazi. Utaendelea kuiandika."

"Lakini jina itakuwa ya bo."

"Ndiyo."

"Na bakipiga kura, we utakuwa na kura ngapi?"

"Moja, kama wengine."

"Unaona?" akasema, akairudia redio yake.

Maneno yake yalikuwa ya kweli, na bado niliona hatuna njia nyingine. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka hata kusimamisha pikipiki.

Mama Odia nilimwendea siku nyingine, mchana, alipokuwa anakanda. Tangu kilio alikuwa ameendelea kuoka. Alisema mikono ikisimama, kichwa kinaanza. Nikaketi kwenye gunia. Nikamweleza kwamba nataka kuitoa Inarudia kwa wakfu, na kwamba inanibidi niandike juu ya kifo cha Ilunga, na sitaandika bila ruhusa yake.

Aliugeuza unga upande wa pili. Halafu akauliza, "Ile fondasyo iko na macho?"

"Macho vipi, mama?"

"We unalala mu parseli yangu. Kila asubuhi unatoka, unaniangalia mu macho. Naona unavyosikia haya, naona unavyolia. Ukiipa bale ba mbali, nani ataniangalia?"

"Mimi bado nitakuwa hapa."

"Utakuwa hapa, lakini utasema, 'Mama, haiko yangu tena.' Mi najua ile maneno, mutoto yangu. Ilunga balipomufukuza ku Mashamba, nilienda kuuliza. Mulinzi anaonesha shefu na kidole. Shefu anaonesha kampuni. Kampuni inaonesha ingine yenye iko ng'ambo. Nilirudia nyumba na bidole mingi, jibu hapana."

Nililia, yaya. Sikutaka kulia mbele yake lakini nililia. Hakunibembeleza. Alifunika unga kwa kitambaa, akanawa mikono, akaketi karibu nami kwenye gunia lile lile.

"Andika," akasema. "Lakini usiandike 'kijana moja'. Andika Ilunga, mutoto ya Odia. Na kama bale bako na mukutano, unipeleke mbele yabo. Nataka banione."

Niliandika hivyo. Ilunga, mwana wa Odia. Niliandika kwamba ramani ilisema kweli na bado ikamuua.

Siku chache baadaye Kabeya akanitumia makubaliano yake, ameyasaini. Bila neno. Nilishangaa, nikampigia simu kumshukuru, akajibu kwa kifupi, "Sawa, Feza. Chukueni jina." Nilifurahi kama mjinga. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyekataa kwa nguvu vile amelegea ghafla.

Wakfu wakatukubali. Siku ya kukabidhi nilikuwa peke yangu shuleni, wanafunzi wamekwenda. Nilihamisha funguo moja baada ya nyingine. Mwishoni nikajaribu kuingia kwa mlango wangu wa zamani, kwa mazoea tu, na kompyuta ikaniambia sina ruhusa. Nilijua itasema hivyo. Hata hivyo nilikaa pale nikitazama maneno yale hadi mlinzi akaja kufunga madirisha. Na yule mtu wa umeme aliporudi na barua yake, nilimwambia kwa kweli kwamba siwezi kuifunga, hata nikitaka. Alikasirika, akaandika jina la wakfu, akaondoka. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilijiona nimenyoosha kidole, kama Mama Odia alivyosema.

Kwa hiyo katika mkutano wa kwanza wa baraza, tulioufanya kwa kompyuta, nilipeleka ombi: ramani isionyeshe tena mtaa mmoja mmoja usio na umeme. Mwalimu wa Zambia alipinga kwa adabu. Alisema kwao hospitali inategemea kujua mtaa kamili. Lusia, najua, alikuwa anawaza wagonjwa wake wa mashine. Mambo yalikuwa yanaelekea kuahirishwa. Nikasema, kuna mtu anataka kuwaona.

Mama Odia aliingia chumbani kwangu amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliketi mbele ya kompyuta, akazitazama sura zile moja moja, nazo zikamtazama. Akazungumza, nami nikatafsiri.

"Mi naitwa Odia. Naoka mikate. Ile bitu yenu balianza kuitengeneza juu ya mikate yangu, na imenisaidia, siwezi kusema bongo, siwezi kudanganya. Mutoto yangu alikuwa anaiba. Hiyo pia siwezi kusema bongo. Lakini mwizi akikamatwa banamupeleka ku tribinali, hapana kumuchoma. Sikuje kunyang'anya bagonjwa yenu kuran. Minauliza paka: munaweza kumuambia munganga bila kumuambia mutoto yangu?"

Nilitafsiri swali lile. Kisha Lusia akasema, "Tunaweza." Na yaya, ni kweli, tuliweza. Mtaa kamili utumwe kwa ujumbe kwa hospitali na zahanati zilizojiandikisha tu. Ramani ya watu wote ionyeshe kartie nzima, bila mitaa. Mwalimu wa Zambia mwenyewe ndiye aliyejitolea kuandika sehemu ngumu. Wakapiga kura, likapita. Kabla ya kuzima, mmoja mmoja alimuaga Mama Odia kwa jina.

Alipotoka aliniambia, "Kumbe bako na macho." Usiku ule nililala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu kilio.

Ningependa kuishia hapa, yaya. Ningekuwa mtu mwingine ningeishia hapa.

Baada ya badiliko lile kuanza kazi, mwanafunzi wangu mmoja akanionyesha simu yake. Kulikuwa na ramani nyingine. Rangi nyingine, jina lingine, lakini niliitambua kama ninavyoitambua sauti yako. Ni Inarudia ya zamani, na mitaa yote, kila mmoja peke yake. Ni ya yule mfanyabiashara wa jenereta. Aliyeiweka ni Kabeya. Alikuwa ameajiriwa naye tangu kabla hajasaini. Ndiyo maana alisema chukueni jina. Jina hakulihitaji. Maandishi yalikuwa wazi kwa kila mtu, naye ni mtu. Hakuvunja sheria yoyote. Nililiuliza baraza, wakaniambia ni haki yake, ndiyo maana ya huria, na nilijua kabla sijauliza.

Na kulipa? Ni kidogo sana, ili watu wazoee. Wezi wanalipa.

Nilimwambia Mama Odia kwa sababu nimeapa kutomficha kitu. Hakupiga kelele. Alimaliza kuoka, akavaa viatu, akasema, "Twende ku Kabeya."

Tulimkuta mlangoni kwao. Alipomwona Mama Odia alisimama, akatoa kiti. Hakuweza kumtazama. Mama Odia hakuketi. Akamwambia yale yale aliyoliambia baraza, karibu neno kwa neno, na swali lile lile mwishoni.

"Mama," Kabeya akasema, "mi nilimuambia patroni, ule wa jenereta. Nilimuambia tubadilishe. Hakubali. Anasema bakliya, bale bateja yake, banalipa juu ya kuona mitaa. Haiko mu mikono yangu."

"Iko mu mikono ya nani?"

"Ya patroni."

"Basi unipeleke ku patroni."

"Hatakubali kukuona, mama. Mutu kama ule haonani na batu."

"Aniambie ye mwenyewe kwamba hanioni."

Kabeya akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kufunga mlango, na nilikuwa tayari kumtukana, yaya, kwa lugha zote ninazozijua. Lakini alitoka amevaa shati safi na viatu. Baba yake akamuuliza anakwenda wapi saa hizi za kazi, na kama anajua kwamba wakimfukuza kazi hakuna mwingine anayeleta unga ndani ya nyumba hii. Kabeya alimpa Mama Odia mkono kuvuka mfereji, tukaenda wote watatu.

Patroni hakutupokea. Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi yake hadi wakafunga, na gari lake likatoka kwa lango la nyuma. Tumerudi mara nyingine, ikawa vile vile. Kabeya ameonywa. Ramani ile bado iko, kila mtaa na rangi yake, na kila alfajiri nikisikia mbwa wakibweka upande wa reli, moyo unanitoka. Kesho tunakwenda tena. Mama Odia amewaambia akina mama wengine wa kanisa, na nasikia wanaosema watakuja ni wengi kuliko benchi lile.

Sijui itaishaje. Nilitaka ujue tu kwamba sikuuza, na sikukimbia.

Unisalimie Tata sana, umwambie asinikasirikie kwa kuchelewa kuandika. Umsalimie mama mdogo anayeuza mawese, na shemeji yangu mume wako, na mtoto wako wa mwisho ambaye sijamwona bado akitembea. Mpe salamu pia mwalimu wangu wa zamani wa hesabu, akiwa hai. Safi msalimie, bila maneno mengi. Mama Odia anakusalimu, anasema mdogo wako anakula vizuri; usimwamini sana.

Nawe ukipiga magoti jioni kuniombea, taja na jina la Kabeya.

Ni mimi uliyenibeba mgongoni,

Feza